Lenzi ya Kampuni Nyingine na Picha za Harusi ya Kombewa

Picha iliyonikosesha usingizi ni ya bibi kizee aliyeketi kwenye kiti cha mti, chini ya mwembe, nje kidogo ya Kombewa. Amejifunga kitambaa cha buluu kichwani, mikono ameikunja mapajani, na nyuma yake amepiga magoti mjukuu wake, bibi harusi, aliyeinama mpaka shavu lake linakaribia kitambaa kile. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera picha ilionekana safi. Usiku, baada ya Isha, nilipoifungua kwenye kompyuta nyumbani Kisumu na kuikuza, niliona nisilolitarajia. Kila uzi wa taraza kwenye shela ya bibi harusi ulikuwa mkali, hata shanga zake ungeweza kuzihesabu, ilhali uso wa bibi kizee ulikuwa umefifia mithili ya uso unaotazamwa kupitia chandarua.

Nikafungua ya pili, ya tatu, ya ishirini. Hereni kali, macho yamefifia. Ukosi mkali, pua imefifia. Picha za mbali, za waalikwa wakishuka kwenye matatu na za masinia ya pilau yakipangwa, zilikuwa nzuri. Za karibu, zile ambazo familia huzitundika ukutani, zilikuwa zimeharibika takriban zote.

Mama wa bibi harusi alikuwa ameniagiza jambo moja tu siku ile. "Dada, hizo nyingine piga upendavyo. Hii ya mama yangu usiikose. Hajapata kupigwa picha na mtoto wangu hata mmoja." Mama huyu ni mzaliwa wa Seme, aliyesilimu alipoolewa na mfanyabiashara wa Kisumu miaka mingi iliyopita, na kwa muda mrefu yeye na mama yake hawakutembeleana sawasawa. Harusi ya binti ndiyo iliyowakutanisha chini ya mwembe mmoja. Mimi nilikabidhiwa amana ya kuuhifadhi mkutano huo, nikarudi mjini na picha ya shela.

Nayaandika haya kwa ajili ya dada zetu wengi walioingia katika kazi hii. Katika ukumbi wa wanawake haingii mpiga picha mwanamume. Hina, kesha, kupamba, yote hayo yanahitaji mwanamke mwenye kamera, iwe Mombasa, Malindi, Lamu au huku bara kwenye ziwa. Wengi wetu tulianza na kamera iliyokwisha kutumika, na fedha za lenzi ya pili zilipopatikana tukanunua ile isiyoundwa na kampuni ya kamera yenyewe, kwa kuwa bei yake aghalabu ni nafuu. Si jambo la kuonea haya. Sigma, iliyoanzishwa Japani mwaka 1961, na Tamron, iliyoanza mwaka 1950, zimetengeneza lenzi ambazo wapiga picha wakubwa duniani huzitumia bila ya kuomba radhi. Lakini lenzi ya namna hii inapokataa kulenga, au inapolenga pasipo, mtu huingiwa na wasiwasi mara mbili: je, kosa ni langu, au nimeuziwa kitu kibovu? Mimi nilikaa na swali hilo wiki nzima.

Kwanza yafaa kuelewa kinachotokea ndani. Neno kamera lenyewe, ingawa wapo wanaosema limetoka katika Kiarabu, asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Hata hivyo fahari yetu haipungui, kwani aliyeuchunguza mwendo wa nuru kwa majaribio ya chumba cha giza na tundu dogo ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11. Yeye ndiye aliyeeleza kwa hoja madhubuti kwamba tunaona kwa sababu nuru inatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, wala si jicho linalotoa miale. Kamera ni mwanafunzi wake.

Katika kamera zenye kioo ndani, ambazo bado ni nyingi mikononi mwetu, nuru iingiayo kupitia lenzi hugonga kioo kilichoinama. Sehemu kubwa hupanda kwenye kitundu tunachochungulia. Sehemu ndogo hushushwa na kioo kingine kidogo hadi kwenye kifaa cha kulengea kilicho sakafuni mwa kamera. Kifaa hicho huigawa nuru mafungu mawili, hupima taswira mbili zimeachana kwa kiasi gani, kisha huiamuru lenzi isogee mbele au irudi nyuma. Picha yenyewe, lakini, hainaswi pale sakafuni. Hunaswa na sensa iliyo nyuma ya kioo. Kwa hiyo njia mbili za nuru, ile ya kulengea na ile ya kupigia, sharti ziwe na urefu mmoja, na lenzi sharti itii amri kama ilivyotolewa. Ikizidi nywele moja, jicho la mtu huwa hafifu na sikio lake huwa kali.

Hapo ndipo lenzi ya kampuni nyingine inapopata mtihani wake. Canon ilipoleta lenzi zake za EF mwaka 1987 iliweka mota ndani ya kila lenzi, na mazungumzo yote baina ya lenzi na kamera yakawa ya umeme, kupitia vijiti vidogo vya rangi ya dhahabu. Kampuni nyingine hazikupewa kamusi ya mazungumzo hayo. Ziliisikiliza kamera na lenzi zikisemezana, zikajifunza lugha kwa kuiga, kama mtoto ajifunzavyo lugha ya jirani barazani. Aghalabu huiga vizuri kabisa. Lakini kamera mpya ikija na neno jipya, lenzi ya zamani hubaki imeduwaa. Ndiyo maana baadhi ya lenzi za Sigma za miaka ya 1990 zilipofungwa kwenye kamera za kidijiti za Canon zilifanya kazi tundu likiwa wazi kabisa, na likipunguzwa kamera ikaonyesha hitilafu na kugoma.

Nikon ilishika njia nyingine, na njia hiyo ndiyo inayowakanganya wengi. Mlango wake wa lenzi ni uleule tangu mwaka 1959, na ilipoanza kutengeneza kamera zinazojilengea, katikati ya miaka ya 1980, mota iliwekwa ndani ya kamera, ikiizungusha lenzi kwa kijiti mfano wa bisibisi. Kisha mwaka 2006 ikaja D40, kamera nyepesi na ya bei nafuu, isiyo na mota hiyo. Jamaa zake za D3000 na D5000 zilizofuata nazo hazina. Lenzi isiyo na mota yake yenyewe ukiifunga kwenye kamera hizi itaingia barabara, itapima nuru, itapiga picha, lakini haitalenga kamwe mpaka uizungushe kwa mkono. Tokina ya milimita 11 hadi 16 kwa ajili ya Nikon, ilipotoka kwanza mwaka 2008, haikuwa na mota. Toleo la pili la mwaka 2012 likawa nayo. Ukiziona dukani zikiwa pamoja hutazitofautisha kwa umbo.

Binamu yangu wa Mombasa aliwahi kunipigia simu akilia kwa jambo hilihili. "Dada, hii lenzi imekufa. Nikibonyeza haitikisiki hata kidogo." Nikamuuliza, "Pale inapoingilia kwenye kamera, pembezoni mwa mlango, waona kijiti cha chuma mfano wa ncha ya bisibisi?" Akatazama kwenye kamera, hakukiona. Akatazama kwenye lenzi, akaona mfuo wa kukipokea. Lenzi ilikuwa nzima, ila ilikuwa ikingojea mkono ambao kamera yake haikuumbiwa. Aliibadilisha kwa nyingine siku ya pili, na muuzaji, kwa insafu yake, hakumtoza zaidi. Basi kabla ya kutoa fedha, mwombe muuzaji uifunge lenzi kwenye kamera yako mwenyewe, si kwenye ya dukani, na ulenge kitu kilicho karibu kisha kilicho mbali. Asiyekubali hilo, muage kwa adabu.

Yangu haikuwa imekufa. Ilikuwa ikilenga upesi, ikilia ule mlio wake mdogo wa kuthibitisha, kisha ikinidanganya. Ni aina ya ugonjwa iliyo ngumu zaidi kuibaini, kwani haina dalili mpaka picha ikuzwe.

Kabla ya kuishutumu lenzi nilijishutumu mimi, na nawasihi mfanye hivyo. Kosa langu la kwanza lilikuwa wazi. Lenzi ni ya milimita 85, na pale chini ya mwembe niliifungua mpaka mwisho, f/1.8, kwa uchu wa kuyafifisha majani ya nyuma. Ukipiga hesabu, kwa kamera yenye sensa ya APS-C kama yangu, na bibi akiwa umbali wa mita tatu, sehemu inayotoka kali ni takriban sentimita tisa tu. Sentimita tisa, ndizo umbali wa ncha ya pua hadi karibu na sikio. Laiti ningelipunguza tundu hadi f/5.6, ningepata kama sentimita 28, na kasoro ya lenzi ingesitirika kwa sehemu kubwa. Wapigaji wa harusi hupenda kuyafifisha ya nyuma kupita kiasi. Mimi naona kwamba mwembe wa nyumbani kwa bibi ulistahiki kuonekana.

Kosa la pili la wengi ni kuiachia kamera ijichagulie mahali pa kulenga. Kamera hupenda kilicho karibu na chenye mistari mikali. Mbele ya bibi harusi itachagua shada la maua, na jicho litaachwa. Chagua nukta moja, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe. Aidha kuna mambo ambayo kamera haiyawezi, ya kampuni yoyote ile. Kifaa cha kulengea huhitaji tofauti ya giza na nuru. Buibui jeusi lisilo na pambo, katika ukumbi wenye taa hafifu, halina cha kushikwa, na lenzi itakwenda mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ni hivyohivyo. Lenga ukingo, lenga taraza, lenga pale weupe na weusi vinapokutana. Leso ni rafiki mkubwa katika hili, kwani maandishi ya jina lake ni makali na meusi. Mimi nikitaka kuijaribu lenzi harakaharaka hulenga jina la leso ya mtu yeyote aliye karibu, na mara nyingi huyo hugeuka akidhani nampiga picha.

Kisha umbali. Katika hina, dada zetu husogea mpaka karibu kuigusa mikono yenye piko, wakashangaa lenzi ikigoma. Kila lenzi ina kikomo cha ukaribu. Lenzi nyingi za 70 hadi 300 za bei nafuu hazilengi kitu kilicho chini ya takriban mita moja na nusu, na kikomo hicho huandikwa kwenye lenzi au kwenye karatasi yake. Nyingine zina swichi ubavuni ya kuuwekea mipaka mwendo wa kulenga, na swichi hiyo huguswa na kidole au na mkoba bila ya mtu kujua. Iko na ile ya kuchagua mkono au kujiendesha, ambayo kwenye Nikon huweza kuwapo mahali pawili, kwenye lenzi na kwenye kamera. Moja ikiwa kwenye mkono, ya pili haifui dafu. Nawajua wawili waliosafiri hadi Nairobi kwa fundi kwa ajili ya swichi.

Nilipokwisha kujisafisha na hayo yote, lenzi bado ilinidanganya. Nikavitazama vijiti vya dhahabu. Huku ziwani unyevu ni mwingi, na pwani kuna chumvi juu ya unyevu. Vijiti vikishika utando, mazungumzo ya lenzi na kamera hukatikakatika, na kamera hufanya ukaidi usioeleweka: leo hulenga, kesho hailengi, ukiigeuza lenzi kidogo mlangoni hurudi. Hiyo ndiyo dalili yake. Futa kwa kitambaa laini kikavu kisichotoa nyuzi, kamera ikiwa imezimwa. Wapo wanaosugua kwa kifutio cha penseli. Husaidia, lakini vumbi lake likiingia ndani ya kamera utakuwa umetibu jino ukapofua jicho, na kwa upande wa kamera nasema usithubutu. Filta nazo zikague. Kioo cha bei rahisi mbele ya lenzi nzuri hupunguza makali. Na filta ya kupunguza mng'ao, ikiwa ni ya mtindo wa zamani, huichanganya akili ya kulenga katika kamera za kioo. Ya kisasa huandikwa kwamba ni ya duara. Mimi niliiondoa filta yangu, nikafuta vijiti, nikajaribu tena. Hali ikawa ileile.

Hapo nikafanya jaribio ambalo laiti ningelifanya siku niliponunua. Niliiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, mita tatu kutoka meza ya chakula. Mezani nikapanga mikebe mitano ya maziwa ya unga kwa mshazari, kila mmoja ukiwa nyuma ya mwenziwe kwa sentimita tano, maandishi yakinielekea. Nukta moja, juu ya mkebe wa katikati. Tundu f/1.8, kasi ya kutosha ili mtikisiko usilaumiwe, na kila mara kabla ya kupiga naiharibu fokasi kwa mkono ili lenzi ianze upya. Picha kumi kwa kuchungulia kwenye kitundu. Kisha picha kumi kwa kutazama kwenye kioo cha nyuma.

Jawabu likawa wazi kama mchana. Kwa kitundu, mkebe wa nne ndio uliokuwa mkali, na wa tano ukiufuata. Katika picha kumi, tisa zilikuwa hivyo. Kwa kioo cha nyuma, wa katikati ulikuwa mkali katika zote kumi. Sababu ni kwamba ukilenga kwa kioo cha nyuma, katika kamera kama yangu, kioo cha ndani huinuka na sensa yenyewe ndiyo inayolenga. Mpigaji na mlengaji ni mmoja, hawawezi kuhitilafiana. Kwa hiyo vioo vya lenzi yangu vilikuwa vizima na mota yake nzima. Kilichokosekana ni mapatano baina yake na kile kifaa cha sakafuni. Lau lenzi ingekosea leo mbele na kesho nyuma, bila ya mpango, ningejua kuna kitu kimelegea ndani na ni kazi ya fundi. Kosa lililo la upande mmoja siku zote lina tiba nyepesi.

Tiba hiyo imo ndani ya kamera nyingi za daraja la kati na la juu. Canon iliiweka katika 50D na 5D Mark II mwaka 2008, Nikon katika D300, na baadaye D7000 na nyinginezo. Ni marekebisho madogo ya fokasi, kutoka kutoa 20 hadi kuongeza 20, na kamera huikumbuka lenzi husika kila ifungwapo. Ikiwa lenzi yalenga nyuma ya ulichokusudia, nenda upande wa kutoa. Ikilenga mbele, nenda upande wa kuongeza. Nilianza na kutoa 5, mkebe wa katikati ukaanza kuamka. Kutoa 10, ukawa mkali. Nikajaribu kutoa 15, na wa pili ukaanza kuushinda. Nikatua kwenye kutoa 11, baada ya kurudia kwa siku tatu, mchana kwa nuru ya dirisha na usiku kwa taa, kwani nuru ya taa huweza kubadilisha jawabu kidogo. Watoto wangu waliuliza kwa nini mama anapiga picha mikebe badala yao.

Kamera nyepesi hazina marekebisho haya. Mwenye kamera hizo na lenzi ya karibuni asikate tamaa. Sigma ilileta mwaka 2013 kifaa kidogo mfano wa kifuniko cha lenzi kinachounganishwa na kompyuta, na Tamron ikaleta chake mwaka 2016. Kwa vifaa hivyo, lenzi zinazovikubali hurekebishwa zenyewe, kwa umbali wa karibu na wa mbali kila mmoja peke yake, na programu yake ya ndani hupandishwa ili ielewe kamera mpya. Watu wawili watatu wakichanga, kifaa kimoja chawatosha, mradi lenzi zao ni za kampuni moja na mlango mmoja. Asiye na hicho wala kile na alenge kwa kioo cha nyuma pale mtu anapokuwa ametulia, apunguze tundu, na picha zake zitasimama.

Kuhusu kamera mpya zisizo na kioo ndani, ugonjwa huu wa nyuma na mbele karibu umeondoka, kwa kuwa sensa ndiyo inayolenga daima. Mashaka yamehamia mahali pengine. Sony iliwafungulia watengenezaji wengine siri za msingi za mlango wake wa E mwaka 2011, na ndiyo sababu lenzi za bei nafuu ni tele huko. Canon ilipoleta mlango wa RF mwaka 2018 iliufunga, na ni mwaka 2024 tu ndipo Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi za kujilenga kwa idhini yake, tena zikianza na zile za sensa ndogo. Na adapta ya Nikon ya kuvalisha lenzi za zamani, ile ya FTZ ya mwaka 2018, haina mota ndani. Lenzi za bisibisi zitabaki za mkono. Anayetaka kuhamia huko na aulize haya kabla ya kuuza alichonacho.

Jambo moja nisilipite, nalo kwetu ni zito kuliko fokasi. Kabla ya kugundua tiba nilikuwa tayari kuipeleka kamera kwa fundi. Mafundi wa kamera ninaowajua mjini ni wanaume, na kadi yangu ilikuwa na picha za dada zetu wakiwa ndani ya ukumbi, nywele wazi, mikono wazi, kwa imani kwamba pazia limeshushwa. Nilikuwa nimeifuta kadi. Kufuta si kuondoa. Picha iliyofutwa, na hata kadi iliyosafishwa kwa menyu ya kamera, huweza kurudishwa kwa programu ya kawaida mpaka nafasi ile iandikwe kitu kingine juu yake. Tangu siku hiyo nina kadi moja ndogo ambayo haijawahi kuingia harusini. Fundi hupewa kamera, lenzi, na kadi hiyo yenye picha za mikebe. Kwake ndizo zenye faida pia, kwani ndani ya kila picha kamera huandika tarehe, tundu, kasi na aina ya lenzi, na mikebe mitano mshazari humweleza ugonjwa upesi kuliko uso wa bibi harusi. Wateja wangu sasa wananiuliza kadi zao zalala wapi. Nimefurahi kwamba wanauliza.

Nilimpigia simu mama wa bibi harusi nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza kitambo. "Na ile ya mama?" Nikamwambia, "Ile ndiyo iliyonifanya nikupigie. Nipe siku moja nirudi Kombewa kwa gharama yangu." Akasema, "Mwanangu keshahamia kwa mumewe, lakini Ijumaa ijayo anakuja kunitazama. Basi twende Jumamosi, insha Allah."

Tulikwenda watatu, kwa barabara ya Bondo. Kombewa ni mji mdogo ambao pengine wanasayansi wa ng'ambo wanaujua kuliko sisi majirani, kwani ni mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanyia majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Sisi tunaujua kwa mawe yake. Tulisimama kwanza Kit Mikayi, lile rundo la majabali makubwa lililo njiani ambalo jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Nililenga ufa mmoja kwa kitundu, nikaukuza, nikalenga tena kwa kioo cha nyuma, nikaukuza. Zilifanana. Bibi harusi akaniuliza, "Auntie, twapiga picha mawe?" Mama yake akamjibu kwa niaba yangu kwamba leo mawe yametangulia.

Bibi alikuwa ameketi palepale, kwenye kiti kilekile. Alitusalimu kwa Kijaluo, "Oyawore, nyithinda," nasi tukaitika kadiri ya uwezo wetu. Bintiye akamweleza kwa lugha yao kwa nini tumerudi, na mimi, kwa maneno machache ninayoyaelewa, nilisikia jicho likitajwa. Bibi akanitazama, akasema neno, bintiye akacheka kwa haya. "Mama anauliza, umenunua macho mapya, au ni yaleyale?"

"Mwambie ni yaleyale, Mama. Yametibiwa tu."

Nililipunguza tundu hadi f/4. Nikaweka nukta juu ya jicho lake la kushoto. Bibi harusi akapiga magoti mahali pake, na bibi alipogeuka kumwambia kitu sikioni alicheka, kinywa kikafunguka, na pengo la meno sita ya chini, waliyong'olewa wasichana na wavulana wa Kijaluo wa zama zile, likaonekana lote. Nilibonyeza mara nne.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilikaa juu ya mkeka nikaikuza picha kwenye kioo cha kamera mpaka mwisho. Kope zilikuwa kali. Nikamsogezea. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaiweka karibu na uso, akaisogeza mbali, akaitazama muda mrefu. Kisha akamwita bintiye, akaweka ncha ya kidole juu ya kioo, palepale penye pengo, akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema amefanana na mama yake," mama wa bibi harusi aliniambia. "Anasema hakujua."